"Ni mvuke tu": bomba likikarabatiwa bila kuchimba mtaro

Najua nimekuwa kimya tangu ile makala ya kuhifadhi nakala za data, na wachache wenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kabisa. Sijaacha. Kazi zilibana, halafu likanijia swali ambalo si la kompyuta hata kidogo, nalo likanila wiki tatu za jioni. Leo nawaletea nilichokipata. Ni makala ndefu, kwa hiyo chukueni chai.

Swali lilitoka kwa binamu yangu. Tulikua pamoja hapa Kawangware, upande wa Gatina, na sasa yuko Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili. Ni kibarua katika kampuni inayokarabati mabomba ya majitaka. Usiku mmoja alinitumia ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp. Alisema hawachimbi barabara kamwe. Wanaingiza kitu kama soksi ndefu ndani ya bomba bovu, wanapuliza mvuke wa moto, na baada ya saa chache kuna bomba jipya ndani ya lile kuukuu. Alisimulia kama mtu aliyeona mazingaombwe. Kisha akaongeza kwamba kuna harufu kali, kwamba wenzake wawili walitapika, kwamba yeye mwenyewe kichwa kinamwuma mpaka usiku, na kwamba nyapara akiulizwa hujibu, "Ni mvuke tu."

"Wewe ndiye uliyesoma," akaniambia. "Hebu angalia hicho kitu ni nini."

Nilisoma sayansi ya kompyuta, si kemia. Lakini kutafuta najua :-) Nilianza na mabomba, nikajikuta nimerudi nyuma hadi mwaka 1700, na njiani nikapita Kibera, kwenye kazi ya baba yake binamu huyohuyo.

Mjomba alikuwa akitapisha vyoo Kibera, hasa Gatwekera na Kisumu Ndogo. Kwa wasioijua kazi hii: choo cha shimo kikijaa, gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye vichochoro, kwa hiyo watu wawili au watatu huja usiku na ndoo, kamba na mapipa juu ya mkokoteni. Humwaga mafuta ya taa shimoni ili harufu ipungue. Ndoo isipofika chini, mmoja wao hushuka. Uchafu huishia mtoni au kwenye chemba ya majitaka iliyo karibu. Nilikuwa na miaka minane au tisa hivi. Nakumbuka akirudi alfajiri kabla sijaenda shule, anaoga nje, kisha anaingia ndani na kuomba pazia lifungwe. Macho yalikuwa mekundu kama pilipili. Mama alimpelekea maji ya uvuguvugu kwenye karai ayaoshe. Sisi watoto tuliamini ni pombe.

Sasa sikilizeni hii. Mwishoni mwa miaka ya 1600 aliishi daktari mmoja Mwitalia, Bernardino Ramazzini, katika mji wa Modena. Siku moja watu walikuja kusafisha shimo la choo nyumbani kwake, akamwona mmoja wao akifanya kazi kwa haraka ya ajabu. Akamwuliza mbona hapumziki. Yule mtu akamjibu kwamba asiyewahi kuingia mle hawezi kujua inavyomgharimu mtu kukaa zaidi ya saa nne, kwani ni sawa na kupofuka. Daktari akamwangalia macho, akayaona mekundu na yenye ukungu. Akamwuliza wanajitibu vipi. Akaambiwa: wanakwenda nyumbani, wanajifungia kwenye chumba chenye giza, na wanaosha macho kwa maji ya uvuguvugu.

Nilisoma mahali hapo mara tatu. Ni yaleyale ya chumba chetu cha Gatina. Ramazzini alitoa kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi mwaka 1700, na wengi humhesabu kuwa ndiye baba wa tiba ya kazini. Aligundua pia kwamba katika kazi hiyo sarafu za shaba na fedha zilikuwa zikigeuka nyeusi, akajua kwamba kuna kitu hewani kinachoshika chuma na macho kwa pamoja. Ushauri wake ulikuwa wavae kibofu kinachopitisha mwanga usoni. Barakoa ya mwaka 1700! Mjomba hakuwahi kupewa hata hiyo.

Kitu hicho leo tunakijua kwa jina: haidrojeni salfaidi, gesi ya mayai viza. Huzalishwa na vijidudu vinavyokula uchafu mahali pasipo na hewa. Huko Paris watapishaji waliiogopa muda mrefu kabla haijapewa jina hilo. Kwa kupigwa kwake kwa ghafla waliita "risasi", kwa maana ya ile madini nzito, kama uzito uliowekwa kifuani, na mwaka 1785 daktari Jean-Noël Hallé alichapisha uchunguzi mzima juu ya hewa ya mashimo ya vyoo.

Ubaya wa gesi hii ni kwamba inaidanganya pua. Pua huinusa hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni, yaani chini ya lita moja ya gesi katika lita milioni za hewa. Ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, neva za kunusa hulemaa na harufu hutoweka. Mtu aliye shimoni husema afadhali, imepungua. Ikifika 500 hadi 700, huanguka ndani ya dakika. Ikipita 1,000, pumzi moja au mbili zinatosha. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutulia chini palepale anaposhuka mtu wa ndoo. Anayeruka kumwokoa mwenzake huanguka juu yake.

Mjomba alinieleza kanuni ya kikundi chao: ukisikia harufu, endelea, harufu ikikata ghafla, panda. Hakuna aliyewafundisha. Waliipata baada ya kumpoteza mmoja wao.

Mtu atauliza, kwa nini Kibera kuna mashimo badala ya mabomba, tena kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji? Jibu liko kwenye karatasi za ardhi. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles, na jina lenyewe, Kibra, kwa Kinubi ni msitu. Mwaka 1918 eneo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi, ekari 4,197. Askari waliruhusiwa kukaa, lakini hati hawakupewa. Baada ya hapo kila serikali, ya mkoloni na ya uhuru, ilichukulia kwamba watu hawa wapo kwa muda, na kwa watu wa muda halazwi bomba. Wanubi walipata hati ya jumuiya mwaka 2017, kwa ekari 288. Hebu linganisheni namba hizo mbili.

Kawangware ni kisa kingine. Hapa ardhi ni ya watu binafsi, familia za Dagoretti, na eneo liliingizwa ndani ya mipaka ya jiji mwaka 1963. Mwenye ploti hujenga vyumba vingi kadiri anavyoweza na kuchimba choo kimoja nyuma. Sababu ni tofauti, shimo ni lilelile.

Kwa muda mrefu Kibera haikuwepo hata kwenye ramani. Mwaka 2009 vijana wa mradi wa Map Kibera walitembea na vifaa vya GPS, wakachora vichochoro, vyoo na vioski vya maji kwenye OpenStreetMap, mahali ambapo palionekana doa tupu. Ni moja ya kazi za teknolojia za nchi hii ninazozipenda zaidi. Lakini ramani ile ni ya juu ya ardhi. Kilicho chini hukijui mpaka koleo likigonge, na juu yake kuna nyumba za watu.

Ndiyo maana mashine za kutapisha zina historia yake Kibera. Mwaka 1995 shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, UN-Habitat ya sasa, lilianza kutengeneza mashine ndogo iitwayo Vacutug pamoja na mhandisi kutoka Ireland, Manus Coffey. Ilijaribiwa Kibera na shirika la KWAHO. Ilikuwa na tangi la lita 500, injini ndogo ya petroli na pampu ya kunyonya, na ilitembea kilomita 5 kwa saa. Kwa maoni yangu ni moja ya uvumbuzi wenye heshima uliowahi kufanyika hapa, kwa sababu bomba la kunyonya linashuka shimoni na mtu anabaki juu. Tatizo likawa vichochoro vingine ni vyembamba kuliko mashine, uchafu wa chini umekauka na kuchanganyika na matambara na chupa, na kwa mwendo ule safari ya kwenda kumwaga inakula siku nzima. Ndoo na kamba zikaendelea.

Na mimi nilijaribu langu, lazima nikiri. Mwaka jana nilinunua Arduino na kitambuzi cha MQ-136, kile cha bei nafuu kinachosemekana hupima haidrojeni salfaidi, nikaandika programu ya kupiga king'ora. Nilijiona shujaa kwa muda wa wiki moja. Kisha nikasoma karatasi ya maelezo vizuri. Kitambuzi hicho kinahitaji kuwashwa siku nzima au zaidi kabla ya kuaminika. Kinashtuliwa na gesi nyingine nyingi, hata pombe. Kukipima usahihi wake kunahitaji gesi ya kiwango kinachojulikana, ambayo sina. Baya zaidi, ndani yake kuna waya unaopashwa moto, nami nilikuwa nakusudia kukishusha kwenye shimo ambalo huenda lina methani, gesi inayolipuka ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Nikakichomoa. Kifaa kinachosema "salama" kwa makosa ni kibaya kuliko kutokuwa na kifaa. Vifaa halali vipo, vyenye cheti, ila bei yake ni mapato ya mtapishaji ya muda mrefu.

Haya, turudi kwenye soksi ya binamu.

Mbinu hiyo ilianza London. Mwingereza Eric Wood alikuwa, kama inavyosimuliwa, na bomba linalovuja chini ya gereji yake na hakutaka kuibomoa. Mwaka 1971 alikarabati bomba kuukuu la majitaka huko Hackney kwa njia yake mpya, na mwaka 1977 akapewa hataza ya Marekani namba 4,009,063. Wazo ni rahisi na zuri. Unachukua mfuko mrefu wa kitambaa kizito, unaulowesha rezini ya poliesta, unaupenyeza kwenye bomba bovu kupitia chemba, unaujaza maji au hewa mpaka ubane ukuta, kisha unaupasha moto kwa maji, kwa mvuke, au siku hizi kwa taa za urujuanimno. Rezini inakauka na kuwa ngumu. Bomba limepata bitana, kama koti. Barabara haikuguswa, duka halikubomolewa. Mbinu ilienea duniani kote, na sishangai.

Lakini rezini hiyo ina stairini ndani yake, mara nyingi theluthi moja au zaidi ya uzito. Stairini hufanya kazi mbili: inaifanya rezini iwe nyepesi kiasi cha kulowesha kitambaa, na joto likija inaunganisha nyuzi za poliesta ziwe kitu kimoja. Inayotumika inafungwa humo. Isiyotumika inatoka na mvuke. (Wenzangu wa programu, fikirieni kumbukumbu inayovuja.) Harufu yake mnaijua. Ni ileile ya gereji zetu wanapojaza bodi ya matatu iliyobonyea, au wanapotengeneza fibaglasi. Ni kemikali ileile. Tofauti ni kwamba fundi wa gereji anachanganya kopo, na bomba la majitaka linabeba mamia ya kilo, kisha linachemshwa.

Stairini nyingi hewani huwasha macho na koo, huleta kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Marekani kiwango cha kisheria kazini ni sehemu 100 kwa milioni kwa wastani wa saa 8, na taasisi ya utafiti ya NIOSH inashauri 50. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililipandisha daraja jambo hili: stairini sasa iko kwenye kundi la vitu ambavyo pengine husababisha saratani kwa binadamu. Niseme pia kwa haki: pua huinusa stairini hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni, kwa hiyo harufu peke yake si ushahidi wa sumu. Watu wawili kutapika ni jambo jingine.

Sasa kuhusu "ni mvuke tu". Nilidhani nyapara wa binamu ndiye aliyeibuni. Kumbe ni jibu la miaka mingi. Wakazi wa miji ya Marekani waliolalamikia moshi mweupe mitaani walikuwa wakipewa jibu hilohilo. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Andrew Whelton wa chuo kikuu cha Purdue walichapisha vipimo kutoka kazi saba za mabomba katika majimbo ya Indiana na California. Katika ule "mvuke" walikuta stairini, asetoni, fenoli na kemikali nyingine, pamoja na vitone vya rezini ambayo haijakauka vizuri. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, kijana wa miaka 22 alifia ndani ya bomba lililokuwa likipewa bitana huko Streamwood, Illinois.

Mbinu ilikuwa na umri wa miaka 46. Kwa miaka hiyo yote ubora wa bitana ulipimwa kwa uangalifu mkubwa: unene, nguvu, itadumu miaka mingapi. Hewa ya anayesimama kwenye chemba ilipimwa kidogo sana. Jina lenyewe linasaidia kuficha. Ukisema "bila kuchimba", mwenye mji anasikia kwamba usumbufu umeondoka. Mtaro ndio ulioondoka. Zamani kibarua aliogopa ukuta wa udongo umwangukie, na hatari hiyo aliiona kwa macho. Ya sasa anaivuta puani, na anaambiwa ni maji.

Nina sababu ya kujali zaidi ya binamu. Fikirieni ni wapi duniani pangefaa kukarabati mabomba bila kuchimba kuliko Kibera, ambako ukipiga koleo unapiga sakafu ya mtu. Shirika la SHOFCO lilishapitisha mabomba ya maji safi juu ya mapaa kwa sababu hiyohiyo. Majitaka huwezi kuyapitisha juu ya mapaa. Bitana ikija, na naamini itakuja, itaingia kwenye vichochoro ambapo mlango wa mtu uko hatua mbili kutoka chemba, na vibarua watakaoajiriwa ni walewale wa ndoo na kamba. Sheria tunazo. Mwaka 2007 Kenya ilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, na nyingine ya fidia ya majeraha ya kazini, na mwajiri anatakiwa kuwa na karatasi ya maelezo ya kila kemikali hatari. Ila sheria hizo zinamtafuta mwajiri. Mjomba alilipwa kwa pipa, na mwenye ploti, gizani.

Nilimjibu binamu hivi. Nilimwomba kwanza apige picha ya lebo ya pipa la rezini. Ilikuja ikiwa na Kiarabu na Kiingereza na nusu yake imefutika, lakini namba moja ilisomeka: 100-42-5. Kila kemikali ina namba yake ya CAS, kama ufunguo wa msingi kwenye hifadhidata, na hiyo ni ya stairini katika lugha zote. Nikamwambia barakoa ya kitambaa waliyopewa haizuii kitu, inahitajika yenye kichujio cha mvuke wa kemikali. Asishike rezini mbichi kwa mikono mitupu. Asiinamie chemba wakati wa kupasha moto. Asiingie bombani kwa sababu yoyote ile, hata mwenzake akianguka, bila hewa kupimwa na mtu kushika kamba juu. Na amwombe nyapara ile karatasi ya maelezo, akiwa pamoja na wenzake, si peke yake.

Kisha nikaenda kwa mjomba. Siku hizi anauza makaa karibu na kituo cha Kawangware 46. Nilimsikilizisha ule ujumbe wa mwanawe, nikamweleza habari za stairini na za yule daktari wa Modena. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anapimia mteja kopo la makaa.

"Hiyo ya upepo umemwambia?" akaniuliza.

"Ipi, mjomba?"

"Asimame upande upepo unakotoka. Usiku upepo hugeuka, aangalie moshi, asikariri." Akapokea pesa, akafuta mikono. "Na mwambie anitumie picha ya macho yake. Asubuhi, kabla hajanawa."

Picha ilifika Jumapili. Mjomba aliikuza kwenye simu yangu, akaisogeza jicho la kushoto, kisha la kulia, akasema bado. Mkataba unaisha mwezi Machi.